Anza Uvunguni: Kuchagua Gari Dogo la Mtumba kwa Barabara za Masieda

Tangazo la gari la kuuza, liwe limebandikwa kwenye nguzo Babati au linazunguka kwenye simu za madalali wa Arusha, husomeka karibu vilevile siku zote. Linaanza na herufi ya namba, kwamba gari ni namba D au namba E. Halafu AC inapiga, muziki mnene, rimu za sport, siti za ngozi, vioo vya umeme milango yote, kamera ya nyuma. Uvungu hautajwi. Tairi zikitajwa, zinasifiwa upya wake, si unene wa ubavu wake. Kwa mnunuzi wa Sinza ambaye gari lake litashinda kwenye foleni ya lami, hasara si kubwa. Kwa mnunuzi wa Masieda wilayani Mbulu, na kwa jirani zake wa Yaeda, Haydom, Dongobesh na Basotu, orodha hiyo imewekwa kichwa chini miguu juu. Hoja ya mwongozo huu ni moja: katika barabara za Mbulu na Hanang, starehe ya gari dogo hutengenezwa chini ya sakafu kabla ya kufika kwenye dashibodi. Mwenye fedha nyingi anaweza kununua vyote viwili. Wewe ambaye kila laki ina kazi yake, anza kununua uvunguni ukipanda juu, na vitu vya dashibodi uvilipie kwa kinachobaki.

Yupo atakayesema kwamba anayetafuta gari la bei nafuu hana haja ya kuzungumzia starehe hata kidogo. Gari lifike, basi. Hilo lingekuwa kweli kama mtikisiko ungekuwa kero ya makalio tu. Lakini gari la familia vijijini ndilo gari la wagonjwa. Mama mjamzito anayepelekwa Haydom, kwenye hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa tangu 1955, au kijana aliyevunjika mguu kwa pikipiki, hupimiwa safari yake kwa kila shimo. Dereva aliyechoka mgongo na mikono hukanyaga breki kwa kuchelewa. Na mtikisiko uleule unaomuumiza abiria ndio unaokata bushi, kulegeza boliti, kuchana raba za draivu shafti na kuifanya dashibodi ilie kama debe. Kwa hiyo gari linalokupa safari laini kwenye udongo ndilo litakalokaa muda mrefu bila kumwona fundi. Ukilipia ulaini umelipia uimara humohumo, na ndiyo maana suala hili linamhusu mnunuzi maskini kuliko tajiri.

Tazama kwanza gari linakwenda kuishi wapi. Uwanda wa juu wa Mbulu umekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na anayetoka bondeni anaweza kupanda kwa upande wa Karatu au kwa mlima wa Magara, ambao ukali wake ulilazimisha sehemu zake kuwekwa zege. Hanang wana nafuu kidogo kwa kuwa lami ya Babati hadi Singida inapita Katesh, ila ukiiacha lami hiyo kuelekea Basotu unarudi kwenye vumbi. Bonde la Yaeda lina ardhi tambarare ambayo kiangazi ni vumbi na masika ni tope. Uzito wa suala la barabara katika siasa za huku ulionekana na nchi nzima Mei 2022, pale mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alipopiga sarakasi ndani ya ukumbi wa Bunge akidai lami ya Karatu, Mbulu na Haydom. Hata lami hiyo itakapokamilika yote, kipande cha kutoka barabara kuu hadi mlangoni kwako kitabaki cha udongo kwa miaka, na gari unalonunua sasa litamalizia maisha yake hapo.

Hapo linazuka pingamizi lenye nguvu kuliko yote: kama barabara ni hiyo, gari dogo la nini? Si ununue RAV4, au Land Rover kuukuu kama zile zilizobeba abiria na magunia ya huku kwa miongo mingi? Jibu liko kwenye mafuta na vipuri. Chukua makadirio ambayo madereva wengi huyakubali, kwamba gari la injini ya 1,300 au 1,500 kwenye mchanganyiko wa lami na udongo hutembea kilomita 13 hadi 14 kwa lita, na RAV4 ya 2,000 hutembea tisa hadi kumi. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, tofauti inafika lita 30 na ushei. Chukua bei kikomo ya EWURA inayotangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, soma safu ya wilaya yako na siyo ya Dar es Salaam, kwa maana usafirishaji hupandisha bei kadiri unavyokwenda mbali na bandari, kisha zidisha kwa lita hizo, na tena mara 12 kupata ya mwaka. Fedha hiyo ni seti ya tairi nne, shokapu, na bado chenji inabaki. Tena ile RAV4 ya kizazi cha pili, ambayo mtaani inaitwa Kilitime, huja mara nyingi na injini ya D4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na mafundi wengi wa wilayani hawaipendi kwa sababu pampu na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu na hazitengenezeki kwa bisibisi na spana. Land Rover ni chuma, hakuna anayebisha. Ila asiye na mzigo wa kuibebesha wala tope la kuivusha kila wiki anaigharamia bure. Anayelima ekari nyingi za vitunguu saumu na kuvitoa shambani katikati ya masika, huyo mwongozo huu haumhusu. Anunue Land Rover au akodi Fuso.

Sasa injini, na hapa wengi huteleza kwa sababu ya kubana matumizi kupita kiasi. Passo na Vitz za lita moja huuzwa kwa sifa ya kunusa mafuta tu. Sifa hiyo ni ya kweli kwenye tambarare ya pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa inayovutwa ni nyepesi. Sehemu kubwa ya uwanda wa Mbulu iko kati ya mita 1,700 na zaidi ya 2,000. Injini ya 1KR ya Passo, yenye silinda tatu na nguvu farasi 71 kiwandani, ikifika huko imebaki na kama 57. Wapakie watu watano, gunia la mahindi kwenye buti, kisha uwashe AC ambayo nayo inachukua nguvu zake, halafu uelekee Magara. Utapanda kwa gia ya kwanza, injini inapiga kelele, na ile petroli uliyodhani unaiokoa inaishia hapo. Injini ya 1NZ ya 1,500, iliyofungwa kwenye IST, Raum ya pili, Spacio ya pili, Probox na ndugu zao wengi, huanza na farasi 109 au 110. Ukiikata kwa hesabu ileile bado ina 87 hivi juu mlimani. Ile 2NZ ya 1,300 inatosha kwa familia isiyobeba mizigo. Nguvu ya ziada ni starehe halisi, kwa sababu injini isiyolazimishwa haina kelele, haichemki, na humruhusu dereva kuchagua mwendo badala ya kuchaguliwa na mlima. Kuhusu giaboksi, otomatiki ya kawaida ya gia nne haina ubaya, mradi unajua kuishusha kwenye 2 au L unaposhuka mteremko mrefu. Wanaoshuka kwenye D mguu ukiwa juu ya breki ndio hufika chini breki zinanuka. Magari mengine, hasa IST ya kizazi cha pili na Vitz nyingi za 1,300, yana CVT isiyo na gia za meno. Hayo yanataka mafuta yake maalumu, na kama muuzaji hawezi kusema ni mafuta gani yaliwekwa na lini, achana na gari hilo.

Tukiingia uvunguni, kipimo cha kwanza ni kimo cha sakafu. Magari mengi madogo ya Kijapani yametengenezwa yakiwa na milimita 140 hadi 160 kati ya sehemu ya chini kabisa na barabara, na hapo gari ni tupu. Ukilipakia linashuka. Toyota Cami na ndugu yake Daihatsu Terios husimama karibu milimita 190, na ndiyo maana unaziona zikipita kwa raha mahali ambapo Vitz inakwangua sampo. Kipimo cha pili, ambacho karibu kila mnunuzi hukiruka, kimeandikwa kwenye ubavu wa tairi na kinasomeka bila fundi. Tairi ya 195/65 R15 ina upana wa milimita 195, na ubavu wake una asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 127 za mpira na upepo kati ya rimu na jiwe. Tairi ya 205/45 R17, ile ya rimu za sport zinazong'aa kwenye picha, ina milimita 92 tu. Zile 35 zilizopotea ndizo zilizokuwa zimeze kokoto kabla hazijafika mgongoni mwako. Rimu kubwa yenye ubavu mwembamba hupinda, hupasua tairi, na huupeleka mtikisiko moja kwa moja kwenye bushi na stelingi. Kwa hiyo ukikuta IST mbili za bei moja, moja ina rimu za inchi 17 na nyingine ina rimu za chuma za kiwandani zenye vifuniko vilivyopasuka, ya pili ndiyo yenye starehe. Soma pia tarakimu nne za mwisho karibu na herufi DOT: 2319 maana yake tairi ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado ikawa mzee aliyekakamaa, hasa zile zilizokuja na gari kutoka Japani.

Wapo wanaotatua tatizo la kimo kwa kulinyanyua gari, yaani kuweka spesa juu ya shokapu. Sentimita mbili au tatu hazina madhara makubwa. Zaidi ya hapo draivu shafti zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikuundiwa, raba zake zinachanika, vumbi linaingia, na baada ya muda unaanza kusikia ile ka-ka-ka kila unapokata kona. Ni bora kuweka tairi yenye ubavu mnene kidogo ndani ya nafasi iliyopo, na kufunga bamba la chuma la kukinga sampo, kazi ambayo fundi wa kuchomelea wa Mbulu mjini anaimudu. Kuhusu 4WD ya magari madogo kama IST, Raum na Probox, fahamu kwamba ilikusudiwa barabara za theluji: magurudumu ya nyuma husaidia pale ya mbele yanapoteleza, kisha hupumzika. Itakutoa kwenye utelezi wa udongo mwekundu asubuhi ya mvua. Haitakutoa kwenye tope la mbugani lililofika kwenye ekseli. Cami nyingi zina 4WD ya kudumu, na hiyo inakwenda mbali zaidi, ingawa inadai petroli yake. Ukinunua gari lililoandikwa 4WD, chungulia chini uione propela shafti. Wapo wanaoiondoa ili kupunguza matumizi ya mafuta, na nembo inabaki mlangoni.

Sasa tupande hadi kwenye kiyoyozi, kitu ambacho madalali hukitaja kabla ya injini. Mtu anaweza kusema kwamba Mbulu ni baridi, kwa hiyo AC ni mapambo. Kwa joto ni kweli; Juni na Julai utatafuta koti, si upepo wa barafu. Lakini AC hufanya kazi nyingine mbili ambazo huku ni za maana kuliko kupoza. Inakausha hewa, kwa hiyo inafuta ukungu ndani ya kioo cha mbele kwa muda mfupi, na ukungu wa kioo kwenye barabara ya milimani saa 12 asubuhi, watu watano wakipumua humo ndani, ni hatari kuliko tairi kipara. Tena inakuwezesha kufunga vioo vyote kiangazi na kuzungusha hewa ya ndani wakati Fuso limekutangulia na kukuachia wingu. Basi iangalie, ila usiilipie kama roho ya gari. Ikiwa imekufa kwa sababu ya gesi, ni gharama ndogo. Ikiwa kompresa imeondolewa na mkanda mfupi umefungwa badala yake, punguza bei kwa kiasi cha kuinunua tena.

Kitu ambacho hakuna dalali anayekitangaza ni hita, na kwa nyanda za juu nakitanguliza mbele ya AC. Hita haina kompresa wala gesi. Inatumia joto la maji ya injini, kwa hiyo inakupa siri za injini bure. Endesha robo saa, geuza kitufe hadi kwenye rangi nyekundu, weka mkono. Hewa iwe moto wa kukufanya uondoe mkono. Ikiwa vuguvugu, uwezekano mkubwa ni kwamba fundi fulani aliitoa thamostati ili gari lisichemke, dawa ya mkato iliyozoeleka sana mikoa ya joto. Gari la namna hiyo likipandishwa Mbulu linafanya kazi likiwa baridi muda wote, linakula petroli zaidi, na oili yake inachafuka mapema. Tena jiulize thamostati ilitolewa kwa nini. Huenda tatizo lililolichemsha gari bado limo. Injini ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha rejeta: maji ya kijani au ya waridi ni ishara ya matunzo, maji ya rangi ya chai ni kutu, na utando kama maziwa yaliyochanganyika na oili ni sababu ya kuaga na kuondoka.

Vumbi lina kipimo chake rahisi. Fungua buti, inua zulia, toa tairi ya akiba, pitisha kidole chini ya karai lake. Ukikuta unga mwekundu laini umejikusanya humo, raba za milango zimekufa au mwili wa gari uliwahi kugongwa nyuma na haukurudi sawasawa. Gari la aina hiyo litakuvika vumbi kila safari hata vioo vikiwa vimefungwa, na muziki mnene hautakusaidia kupumua. Raum ina milango ya nyuma ya kusukuma ambayo wazee na akina mama wenye watoto mgongoni huipenda sana, na wana haki, kwani mlango unafunguka wote na sakafu iko chini. Lakini reli za milango hiyo hukusanya mchanga, na asiyezisafisha kila wiki ataishia kuusukuma mlango kwa goti. Siti nazo zijaribu kwa kuzikalia dakika kumi, si kwa kuzitazama. Kitambaa cha kiwandani kinapumua na hakitelezi. Vifuniko vya ngozi bandia vinavyoshonwa mjini vinapendeza siku ya kununua tu. Na skrini kubwa katikati ya dashibodi mara nyingi ni ramani ya Japani inayozungumza Kijapani. Redio ya kiwandani iliundwa kwa masafa ya Japani, ambayo kwa muda mrefu yaliishia megahezi 90, huku stesheni nyingi za Tanzania zikiwa juu ya hapo. Redio ya kawaida ya dukani inalimaliza tatizo hilo. Usikubali kupandishiwa bei kwa ajili ya skrini.

Bei yenyewe ina njia mbili: kuagiza au kununua lililokwisha kutumika nchini. Kenya inazuia magari yaliyozidi miaka minane, na Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikuweka ukomo, imeweka kodi ya uchakavu. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, gari dogo la abiria hulipa ushuru wa forodha asilimia 25. Lenye umri unaozidi miaka kumi huongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Injini inayozidi 1,000 hadi 2,000 inaongezewa asilimia 5 ambazo ya chini ya hapo hailipi. Kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla yote. Tuseme TRA imelithamini gari kwa milioni tano hadi bandarini. Likiwa la injini ya 996, kodi hizo hufika milioni 4.59, likiwa la 1,300 au 1,500 kwa thamani hiyohiyo, milioni 4.96, kabla ya tozo ndogondogo za reli na nyinginezo. Kutoka hapo unaona mambo mawili. Kwanza, gari kuukuu la kuagiza linakugharimu karibu mara mbili ya thamani yake, na thamani inayohesabiwa ni ile ya TRA, si risiti ya muuzaji wako. Pitia kikokotoo chao kabla ya kutuma hata senti, kwa kuwa kila bajeti ya Juni inaweza kubadili viwango. Pili, tofauti ya kodi kati ya injini dhaifu na injini inayoufaa mlima, thamani zikilingana, haifiki laki nne. Hoja ya kuchukua lita moja ili kukwepa kodi inaishia hapo.

Wanaotetea kuagiza husema gari la Japani limekuja bila kuguswa na barabara zetu. Ni hoja nzuri, na mwenye uwezo aifuate, ila aombe karatasi ya mnada wa Japani: alama ya 4 au 3.5 inaridhisha, na herufi R inaonyesha gari liligongwa likatengenezwa. Aombe pia picha za uvungu, kwa sababu magari ya kaskazini mwa Japani hupita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi inakula chuma kimyakimya. Kwa bajeti ndogo, hata hivyo, gari la namba C au D lililotunzwa na mtu mmoja linashinda lile linaloagizwa kwa kujinyima hadi ukakosa fedha ya tairi. Herufi ya namba inakuambia gari liliandikishwa lini nchini, haikuambii limeishije. Gari la namba D lililofanya teksi jijini limezeeka kuliko la namba C la mwalimu aliyelitumia Jumapili. Kilomita za kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo ziulize sehemu zisizoweza kudanganya: pedali ya breki iliyolika hadi chuma, usukani uliopoteza vipele vyake, mkanda wa dereva uliolegea usiorudi.

Siku ya kulikagua nenda asubuhi, injini ikiwa haijawashwa, na ukikuta tayari imepashwa moto uliza kwa nini. Ikiwaka, msaidizi wako asimame nyuma: moshi wa bluu ni oili inayoungua. Bonyeza kila kona ya gari kwa nguvu kisha uachie. Gari lirudi juu mara moja na kutulia, likiendelea kunesa shokapu imekwisha. Zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto ukitembea polepole usikilize draivu shafti. Kisha, na hili ndilo la lazima, usiishie kulijaribu kwenye lami. Madalali hupenda kukuzungusha mjini. Toka nalo kwenye udongo wenye mawimbi, kilomita tano zinatosha, redio ikiwa imezimwa, mtu mmoja akiwa amekaa siti ya nyuma. Yule wa nyuma ndiye atakayekuambia ukweli. Fundi unayekwenda naye mlipe wewe, asilipwe na dalali. Na bajeti yako igawe kabla ya kwenda: kama una milioni kumi, tafuta gari la milioni nane na nusu, ili zinazobaki zinunue tairi, bushi, oili, bima na kubadilisha kadi.

Ukinibana nitaje majina, nitasema hivi. Anayebeba watu na mazao kwa pamoja achukue Probox ya 1,500. Ina kelele ndani, siti zake hazina mbwembwe, lakini tairi zake zina ubavu mnene, sehemu ya mizigo ni pana na vipuri vyake vinapatikana hadi kwenye maduka madogo. Mwenye wazee na watoto, na barabara yake haina mawe makubwa, Raum au Spacio ya 1,500. Anayeishi ng'ambo ya makorongo ambako masika gari la chini hukaa ndani wiki nzima, Cami, akubali kulipa petroli zaidi kidogo. IST ni chaguo jema la mtu wa Mbulu mjini au Katesh, ingawa umaarufu wake umeipandishia bei kupita inavyostahili. Passo na Vitz za lita moja waachieni watu wa pwani.

Ukishaamua, kadi ihamishwe jina TRA kwa namba za TIN za pande zote mbili, mkataba ushuhudiwe na wakili, na madeni ya faini za barabarani yaangaliwe kwa namba ya gari kabla hujalipa. Kadi halisi uishike mkononi, si nakala, maana kadi nyingi ziko kwa wakopeshaji kama dhamana. Muuzaji akikuambia kadi itafuata wiki ijayo, nawe mwambie fedha itafuata wiki ijayo.